Kuhamia Windows 11? Ngoja kwanza tuulize Hazina ya 1965

Nimekuwa kimya kidogo, si kwa ubaya, ni testi mfululizo pamoja na ile kazi ya kikundi ambayo kikundi chenyewe kimebaki mimi na dada mmoja wa Singida (wengine mnajijua). Leo naandika kirefu, kwa hiyo kama upo kwenye daladala, isome ukifika.

Hoja ni hii ya kuhama Windows 10. Microsoft walitoa Windows 11 tarehe 5 Oktoba 2021, halafu tarehe 14 Oktoba 2025 wakaacha kuihudumia Windows 10. Tangu hapo bwenini ubishi hauishi. Wapo wanaosema asiyehama ni mshamba, wapo wanaosema wanaohama wana kiherehere tu. Mimi ningekaa pembeni nicheke, ila safari hii swali limenifuata kutoka nyumbani. Kule kwetu Mtera kuna shule moja ya sekondari yenye kompyuta kumi, zote za mitumba ya maofisini, zote Windows 10. Fundi mmoja kutoka mjini amemwambia Mkuu wa shule kwamba mashine zote "zimeshakufa", hazipokei mfumo mpya, zinunuliwe nyingine. Mkuu ana kafungu kadogo. Akikatumia kote anapata mashine tatu. Kumi ziwe tatu, na darasa moja lina watoto arobaini na ushee. Akanipigia: "Mwanangu, wewe ndiye uko chuo, hebu niambie ukweli."

Sasa mimi nasoma ualimu, somo langu la kufundishia ni Historia. Mtu wa Historia ukimuuliza habari za kompyuta atafanya nini? Atarudi nyuma. Na nilivyorudi nyuma nikakuta nchi hii ilishajibu swali hili zamani sana, kabla baba yangu hajaanza darasa la kwanza, na ililijibu kwa hasara.

Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Iliitwa ICT 1500. Hiyo ICT msidhani ni TEHAMA, ni kifupi cha jina la kampuni ya Uingereza iliyoiuza. Na kwa undani zaidi haikuwa hata ya Waingereza wenyewe, ilikuwa ni mashine ya Wamarekani wa RCA, modeli 301, iliyobandikwa jina jipya. Ilikuwa lidude la kujaza chumba. Kazi yake ilikuwa hesabu za serikali.

Haikupita miaka mingi Hazina ikapandisha daraja. Ikaletwa mashine ya familia mpya, ICL 1900. (Kampuni ileile, mwaka 1968 iliungana na nyingine ikabadili jina.) Kwenye karatasi ilikuwa hatua kubwa mbele: mashine ya kisasa, yenye kasi, na familia hiyo ya 1900 baadaye ikatengenezewa hadi mfumo endeshi wake ulioitwa GEORGE. Ndiyo, GEORGE, kama jina la mjomba wa mtu.

Tatizo ni kwamba mashine hizi mbili zilitofautiana hadi kwenye mifupa. Ya kwanza ilitoka kwenye ukoo wa RCA, ya pili ukoo mwingine kabisa. Programu iliyoandikwa kwa 1500 haikuweza kutembea kwenye 1900. Maana yake huhamishi kitu, unaanza upya: kila hesabu, kila jedwali, kila utaratibu wa kutoa ripoti unaandikwa tena. Nani aandike? Watanzania waliofundishwa kazi hiyo walikuwa wachache mno, kazi ikaegemea kwa wataalamu wa kigeni wenye mikataba. Mgeni wa mkataba akimaliza muda wake anafunga begi, na anachokijua kinaondoka naye kwenye begi hilohilo.

Mfumo wa hesabu za serikali ukavurugika. Hazina ikarudi kwenye mashine za kawaida za uhasibu, zile za kubonyeza kwa mkono. Jamani fikirieni aibu hiyo. Umenunua kitu kipya kwa fedha za kigeni, halafu unarudi nyuma hata ya pale ulipokuwa kabla ya kununua.

Mwaka 1974 serikali ikakasirika jumla. Ikatoa amri ya kuzuia kuingiza kompyuta nchini, pamoja na televisheni. Wakati huo nchi nzima ilikuwa na kompyuta saba hivi. Kuwa mkweli, sababu hazikuwa kompyuta peke yake: mafuta yalikuwa yamepanda bei duniani, ukame ulikuwa umepiga mavuno, fedha za kigeni hazikuwepo. Lakini walioandika historia ya teknolojia nchini huanzia palepale Wizara ya Fedha. Aliyetaka mashine baada ya hapo aombe kibali maalumu. Miaka ya 80 kompyuta ndogo zikaanza kupenya na miradi ya wafadhili, na soko lenyewe likafunguka miaka ya 90. Televisheni Bara tuliiona 1994, wakati wenzetu Zanzibar walikuwa nayo, tena ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 70.

Kwa hiyo tulikosea mara mbili. Kwanza tulihama bila watu, pili tukaogopa kuhama kwa karibu miaka ishirini. Mimi naona kosa la pili lilikuwa na gharama kubwa zaidi, maana kizazi kizima cha walimu kilimaliza vyuo bila kuigusa kibodi, na hao ndio waliotufundisha sisi "kompyuta" kwa kuchora moniita ubaoni. Lakini kosa la pili halitokei bila la kwanza.

Wapo watakaosema enzi zile hatukuweza, hatukuwa na uwezo. Hapo ndipo nawaleta Mtera.

Serikali ileile, miaka ileile, ilikuwa inapandisha daraja kitu kingine: umeme wa Ruaha Mkuu. Mwaka 1975, mwaka mmoja tu baada ya kupiga kompyuta marufuku, kituo cha Kidatu kilianza na megawati 100. Maji ya Ruaha yana tabia yake, masika yanafurika, kiangazi mto unakonda. Walipotaka Kidatu itoe mara mbili hawakuing'oa. Walipanda juu ya mto wakajenga bwawa la Mtera, ghala la kutunza maji ya masika ili Kidatu iyatumie kiangazi. Kisha wakaongeza mitambo miwili Kidatu pembeni ya ile miwili ya kwanza, ikafika megawati 204 kwenye mwaka 1980. Mtera yenyewe ilikaa kama tangi tu kwa miaka kadhaa, ndipo 1988 ikawashwa mitambo yake, megawati 80. Ile ya zamani haikuzimwa kungoja mpya. Kila hatua ilisimama juu ya ile iliyotangulia, na mafundi wa hatua ya kwanza ndio waliopokea ya pili.

Sisemi bwawa halina shida zake. Sisi tuliokulia pale tunajua namba mbili kama tunavyojua namba za simu za mama zetu: 698.5 na 690. Ni mita juu ya usawa wa bahari. Ya kwanza bwawa limejaa, ya pili mitambo haitakiwi kuendelea. Mita nane na nusu hizo zilipoisha nchi iliingia mgao, kama ilivyokuwa 1992, 1994 na 2006. Umeme wa Mtera unategemea mvua. Lakini hakuna aliyewahi kulilaumu bwawa kwamba limejengwa kwa mpangilio wa kijinga.

Haya, turudi kwenye Windows.

Windows XP ilitoka Oktoba 2001 na huku kwetu ilitawala miaka na miaka. Vista ilipotoka Januari 2007 ilitaka RAM ambayo mashine nyingi hazikuwa nayo, na dunia nzima watu walikuwa wananunua mashine yenye Vista halafu wanamwita fundi aipige XP. Hapa katikati kuna kisa ambacho kinaniuma kidogo. Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux wakishirikiana na Waswidi, walitoa Jambo OpenOffice: programu ya kuandika, ya majedwali na nyinginezo, yote kwa Kiswahili, bure, na halali. Mwaka huohuo Microsoft nao walitangaza mpango wao wa Kiswahili. Mimi wakati huo nilikuwa bado nanyonya, lakini nimekua sijawahi kuikuta Jambo OpenOffice kwenye mashine yoyote ya stationeri. Kwa nini? Naamini kwa sababu fundi wa mtaani alijua kupiga Windows, basi. Mashine ikigoma saa mbili usiku na una kazi ya kukusanya asubuhi, huitafuti programu nzuri, unamtafuta mtu aliye karibu. Kilinux walikuwa na programu nzuri, ila hawakuwa na mtu Mtera.

Sasa je, kubaki na ya zamani kuna madhara? Yapo, ila si yale anayotangaza fundi wa mjini. XP iliachwa Aprili 2014, Windows 7 ikaachwa Januari 2020, na hakuna mashine iliyozimika siku hiyo. Madhara yanakuja kwa njia mbili. Ya kwanza ni wahalifu. Mei 2017 kile kirusi cha WannaCry kilifunga mafaili ya watu duniani, hadi hospitali za Uingereza. Wengi waliopigwa walikuwa na Windows 7, ambayo wakati ule ilikuwa bado inahudumiwa kabisa, na kiraka kilitolewa Machi, miezi miwili kabla! Hawakuapdeti tu. Kwa hiyo kuwa na mfumo wenye umri si tatizo kubwa kama kuwa na mfumo usiozibwa matundu.

Ya pili ni kivinjari, na hii ndiyo inayomhusu mwalimu. Google waliacha kutoa Chrome mpya kwa Windows 7 mwanzoni mwa 2023. Kompyuta inawaka vizuri, Word inafunguka, ila siku ya kuingia kwenye mtandao wa wakubwa kujaza taarifa za wanafunzi unaambiwa kivinjari chako kimepitwa. Hapo ndipo mfumo wa zamani unakufa kweli, kwenye mlango wa intaneti.

Nikaomba Mkuu anisomee vibandiko vya zile mashine kumi. Nane zina prosesa ya Intel ya kizazi cha sita, mbili za kizazi cha nane. Windows 11 rasmi inataka kizazi cha nane kuendelea, RAM kuanzia GB 4, na kile kijichipu cha usalama kinachoitwa TPM 2.0. Kwa hiyo fundi alikosea hata hesabu, mbili zinapokea bila kununua chochote. Hizo nane fundi mjanja anaweza kuzilazimisha, ila Microsoft hawakuahidi kuzihudumia, na mimi sitaki kumwachia Mkuu kitu cha kulazimishwa.

Nilichomwambia ni hiki. Mkuu, usinunue tatu ukatupa kumi. Zile mbili zihamie Windows 11, ndizo ziwe za intaneti, matokeo na taarifa zote zipite hapo tu. Nane zibaki kufundishia, bila intaneti, na flashi za watoto zipite kwanza kwenye moja ya zile mbili zisafishwe (mnaujua wenyewe ule ugonjwa wa mafolda kugeuka shotikati). Microsoft walitoa nyongeza ya mwaka mmoja ya kuziba matundu ya Windows 10, hadi 13 Oktoba 2026, unaweza kuipata bila kulipa ukiwa na akaunti yao; tukikwama kokote tutaitumia. Na kati ya hizo nane, moja nitaiwekea Ubuntu na LibreOffice. Moja tu. Ikikaa muhula mzima bila mtu kuiogopa tutaongeza ya pili. Kafungu kabaki, kanunue RAM na betri ya kuhimili umeme ukikatika.

Mkuu akanyamaza, kisha akauliza swali ambalo fundi wa mjini hakuulizwa: "Na wewe ukirudi chuo, ikigoma nani ataishika?"

Nilikuwa nalingoja. Pale shuleni kuna mwalimu wa Fizikia, ana mke na nyumba Mtera, haendi kokote. Si mtu wa kompyuta, ila ndiye anayetengeneza redio za kijiji kizima. Nimeongea naye kwa simu juzi. Jumamosi nashuka na basi la Iringa, nina flashi mbili zenye mifumo yote, na yeye amesema niende taratibu, kila hatua anataka aifanye kwa mkono wake na kuiandika kwenye daftari.