Injini ya Bibi

Kwa miaka mingi trekta letu lilisimama chini ya mparachichi, nyuma ya nyumba ya Bibi hapa Mkuu, Rombo. Kuku walitaga kwenye kiti chake. Ubavuni mwa boneti bado panasomeka Massey Ferguson 165, ingawa rangi nyekundu imebaki pale tu ambapo jua halifiki. Desemba iliyopita, ukoo ulipokusanyika kwa Krismasi kama ilivyo kawaida yetu Wachaga, baba mkubwa alileta hoja kikaoni: liuzwe kwa wanunuzi wa chuma chakavu na fedha wagawane watoto wa kiume, maana ni mali ya marehemu baba yao.

Bibi, aliyekuwa kimya muda wote, akasema, "Mwili ni wa baba yenu. Injini ni yangu."

Watu walicheka. Hawakucheka kwa ubaya. Walicheka kama watu wanavyomcheka mzee wanayempenda. Na mimi nilitabasamu.

Ninasoma shahada ya uzamili ya historia, na kazi yangu ni kuuliza ushahidi uko wapi. Risiti hakuna. Lakini mwanzo wa habari hii kila mtu anaukubali. Julai 1975 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil, bei ya kahawa duniani ikapanda sana, na kwa misimu michache miteremko ya Kilimanjaro ikaona fedha ambayo haikuwa imezoea kuiona. Mwaka 1976 Babu akanunua trekta lililokwisha kutumika. Huku juu kihambani halikuwa na kazi, kwani haliwezi kupita katikati ya migomba na mibuni. Alilipeleka chini, kwenye mashamba ya mahindi upande wa mpaka wa Kenya, akawa analima kwa malipo. Mwaka 1979 akafariki.

Kwa watoto wake, habari ya trekta inaishia hapo. Kwa Bibi ndipo inapoanza. Anasema mwaka uliofuata injini ilikufa, na spea hazikupatikana. Mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa tangu 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, na vita ya Kagera ilikuwa imemaliza fedha za kigeni. Mpaka ulipofunguliwa mwishoni mwa 1983, alipeleka maharage Taveta misimu miwili, akauza na ng'ombe wawili, ndipo ikaletwa injini nyingine kutoka Mombasa. Baba mkubwa alikuwa shule ya bweni. Anachokumbuka ni kwamba alirudi likizo akakuta trekta "limetengenezwa".

Kesho yake nilimfuata fundi mmoja mzee pale Mkuu. Alikuja na brashi ya waya na mafuta ya taa kwenye kopo. "Boneti usiisome," aliniambia. "Boneti hubadilishwa kama kofia. Soma ubavu wa injini."

Tukiwa tunasugua, alinifundisha lugha ambayo sikujua kama ipo. Injini za matrekta haya zilitengenezwa na Perkins, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1932 mjini Peterborough, Uingereza, na kununuliwa na Massey Ferguson mwaka 1959. Majina yake ya zamani yalikuwa mafupi: P6 ni Perkins ya silinda sita, basi. Baadaye yakaja majina yenye nukta: 3.152, 4.203, 4.236, 6.354. Tarakimu iliyo kabla ya nukta ni idadi ya silinda. Zinazofuata ni ujazo wa silinda zote kwa inchi za ujazo, kipimo cha Waingereza wa wakati ule. Kwa hiyo 4.236 ina silinda nne zenye jumla ya inchi 236 za ujazo, karibu lita 3.9.

Chukua kalamu ugawanye. 236 kwa nne ni 59. 354 kwa sita ni 59. Maana yake 6.354 ni 4.236 iliyoongezwa silinda mbili za kipimo kilekile. Gawanya 152 kwa tatu, kisha 203 kwa nne: zote zinakaribia 51. Nazo ni ndugu. Iko pia 4.212, ambayo upana wa silinda zake ni sawa na wa 4.236, ila pistoni inasafiri inchi 4.5 badala ya 5. Fundi hakuwa na haja ya kugawanya. Aliijua koo hii kwa miaka ya kuazima spea za mmoja kumtibu mwingine.

Matrekta ya 165 yaliyotoka kiwandani Coventry yalikuja na 4.203, na baadaye 4.212. Kwa hiyo nilijua nitafute nini.

Uchafu ulipotoka, namba ilionekana karibu na pampu ya dizeli, imegongwa kwenye chuma chenyewe. Ilianza na LD. Fundi akacheka peke yake. Tangu 1974 Perkins walianza kugonga namba kwa mpangilio huu: herufi mbili za aina ya injini, tarakimu za orodha ya vifaa ilivyoundwa navyo, herufi ya nchi, namba ya injini yenyewe, na mwisho herufi ya mwaka. LD ni 4.236. U ni Uingereza. Mwaka 1974 ni A, 1975 ni B, na kuendelea, ila I inarukwa isije ikadhaniwa ni moja.

Herufi ya mwisho ilikuwa J. Nilihesabu kwa vidole mara mbili. 1982.

Babu alikuwa kaburini miaka mitatu injini ile ilipotoka kiwandani.

Jioni niliwaeleza kikaoni, na nikasema pia kile ambacho namba haisemi. Haitaji mnunuzi. Haijui maharage wala ng'ombe. Inachokataa ni jambo moja tu: kwamba Babu ndiye aliyeinunua. Baba mkubwa alikwenda mwenyewe na tochi, akainama pale kwa muda mrefu.

Bibi hakufurahi kama nilivyotarajia. "Kwa hiyo mmeamini chuma," alisema.

Sikuwa na jibu, na mpaka sasa sina. Darasani tunafundishwa kwamba simulizi ni chanzo halali cha historia, na mtihani wake nilifaulu. Lakini shahidi aliyekuwepo alisema, nami nikatabasamu mpaka kipande cha chuma kilipomuunga mkono.

Hoja ya kuuza haikurudi tena. Baba mkubwa alivuta kigoda, akaketi karibu na mama yake. "Mama," akamwuliza, "uliuza ng'ombe wepi?"

Bibi akawataja kwa majina.