Mikopo Chechefu ya Benki ya Taifa ya Biashara, 1967–1997

Mikopo chechefu, yaani mikopo ambayo mkopaji ameacha kulipa marejesho au riba yake kwa siku 90 au zaidi kwa kipimo kinachotumika leo, huelezwa mara nyingi kuwa ni matokeo ya wakopaji wasio waaminifu. Historia ya Benki ya Taifa ya Biashara, NBC, haikubaliani na maelezo hayo, kwa kuwa sehemu kubwa ya madeni yaliyoielemea benki hiyo ilikuwa ya mashirika ya umma na vyama vya ushirika ambavyo, kwa namna vilivyotakiwa kufanya kazi, havikuwa na mahali pa kupata fedha za kulipa.

NBC ilizaliwa Februari 1967, mara baada ya Azimio la Arusha, kwa kuunganisha shughuli za benki za kigeni zilizotaifishwa, na kwa miaka mingi karibu biashara yote ya kibenki Tanzania Bara ilipita mikononi mwake. Mikopo iligawanywa kwa kufuata mpango wa taifa wa fedha na mikopo, na riba ilipangwa na Serikali. Meneja wa tawi aliyepelekewa maombi ya shirika la umma hakuwa na nafasi ya kuuliza swali la kwanza la mkopeshaji yeyote, yaani fedha hizi zitarudi kutoka wapi, kwa sababu jibu lilikuwa limekwisha kutolewa Dar es Salaam.

Ununuzi wa mazao unaonyesha vizuri jinsi deni lilivyokuwa likigeuka kuwa chechefu. Msimu ulipofika, chombo cha ununuzi kilichukua ovadrafti, yaani ruhusa ya kutoa fedha kuzidi salio la akaunti, kikamlipa mkulima fedha taslimu, kikasafirisha na kuuza mazao, kisha kikarejesha benki kile kilichochukuliwa pamoja na riba. Mzunguko huo ni salama iwapo bei ya kuuzia inafidia bei ya kununulia, usafiri, uhifadhi na riba. Ikipungua, salio la msimu huu linaingia kwenye ovadrafti ya msimu ujao, na deni lililokusudiwa kuwa la miezi michache linakuwa la kudumu.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa Shirika la Taifa la Usagishaji, NMC. Tangu katikati ya miaka ya 1970 shirika hilo lilitakiwa kununua mahindi kwa bei moja nchi nzima, hata mkulima wa Rukwa au Ruvuma, aliye mbali sana na walaji wa Dar es Salaam, alipwe sawa na aliye karibu na soko, huku gharama ya malori ikibaki kwa shirika na bei ya sembe mjini ikishushwa kwa ruzuku. Lengo lenyewe lilikuwa la haki, nalo lilistahili kulipiwa waziwazi katika bajeti. Lakini ruzuku hiyo ilipitishwa kwa kiasi kikubwa kwenye ovadrafti ya NBC, ambako Bunge halikuijadili kama matumizi. Vyama vya ushirika vilipovunjwa mwaka 1976 na kazi yao kukabidhiwa mamlaka za mazao, madeni ya aina hiyo yaliongezeka, na vita vya Kagera pamoja na kupanda kwa bei ya mafuta mwaka 1979 vilikuta vyombo hivyo vimekwisha kudhoofika.

Benki haikufilisika machoni pa watu, kwa sababu riba isiyolipwa iliongezwa kwenye deni na kuandikwa kama mapato, hivyo vitabu vilionyesha faida ambayo haikuwa na shilingi yoyote nyuma yake. Fedha halisi zilipohitajika, zilitoka hatimaye Benki Kuu, na ongezeko hilo la fedha lilikuwa miongoni mwa sababu za mfumuko wa bei uliozidi asilimia 30 katikati ya miaka ya 1980. Aliyelipa deni la mashirika, basi, alikuwa mwenye amana: mwalimu au mkulima aliyeweka akiba katika tawi la wilaya kwa riba iliyo chini mno ya mfumuko wa bei, akaikuta thamani yake imeyeyuka bila yeye kukopa hata senti.

Tume ya Rais iliyoongozwa na Charles Nyirabu, aliyekuwa Gavana wa Benki Kuu, ilichunguza mfumo huo, na mwaka 1991 ikafuata sheria mpya ya benki iliyoruhusu benki binafsi, pamoja na sheria iliyounda LART, chombo maalumu cha kuchukua na kukusanya mikopo chechefu kikiwa na baraza lake la kuamua mashauri. Serikali iliipa NBC hatifungani, yaani hati za ahadi ya kulipa baadaye, badala ya madeni yaliyoondolewa, na kwa njia hiyo hasara ikahamia kwa mlipakodi. Hata hivyo tabia ya kukopesha haikubadilika pamoja na vitabu: mikopo mipya ikaharibika nayo, na mwaka 1997 NBC ikagawanywa, mojawapo ya benki zilizotokana nayo ikiwa NMB iliyobeba matawi mengi ya wilayani. Hisa nyingi za NBC iliyobaki ziliuzwa kwa benki ya Absa ya Afrika Kusini mwaka 2000.

Benki zilizotoka katika msukosuko huo zilijifunza tahadhari kupita kiasi, zikapendelea dhamana za Serikali, ambazo mnada wake ulianza mwaka 1993, kuliko kumkopesha mkulima ambaye kwa jina lake mabilioni yalikuwa yamepotea. Benki ya Maendeleo ya Kilimo Tanzania, iliyokusudiwa kuziba pengo hilo, ilizinduliwa mwaka 2015.