Lugha ya Tahadhari: Habari za UKIMWI na Msikilizaji wa Likuyani

Neno linalotangaza maradhi halipitishi habari tu. Humwonyesha msikilizaji pia umbali uliopo baina yake na hatari. Jambo hili limedhihirika katika historia ya UKIMWI Afrika ya Mashariki, na Likuyani, kaskazini mwa Kaunti ya Kakamega, ni mahali panapofaa kulipima.

Maradhi hayo yalipozuka mwanzoni mwa miaka ya 80, watu waliyapa majina kutokana na waliyoyaona. Uganda yaliitwa “slim”, kwa vile mgonjwa alikonda. Mkoani Kagera, Tanzania, yaliitwa “Juliana”, jina la nguo zilizoingizwa na wafanyabiashara wa mpakani. Jina la kwanza lilitazama mwili uliokwisha dhoofu, la pili likatazama wachuuzi. Mtu mwenye siha, tena asiye mchuuzi, hakujiona ndani ya lolote kati ya hayo. Hatimaye “UKIMWI”, yaani Ukosefu wa Kinga Mwilini, lilieleza maradhi yenyewe bila kumtaja mtu.

Kenya ilimtambua mgonjwa wake wa kwanza mwaka 1984. Hata hivyo, tahadhari za miaka ile aghalabu zilitaja makundi: makahaba na madereva wa malori. Likuyani ni nchi ya wakulima wa mahindi, waliopewa makazi katika mashamba ya walowezi yaliyogawanywa miaka ya 60. Barabara ya Eldoret kwenda Kitale hupita ukingoni mwake, penye mji mdogo wa Matunda. Tahadhari ya namna ile ilimpa mkulima nafasi ya kuiacha hatari barabarani. Na mke aliyetulia nyumbani haikumtaja kabisa.

Tarehe 25 Novemba 1999 Rais Moi alitangaza UKIMWI kuwa janga la kitaifa. Mwaka 2003 utafiti wa taifa ulipima damu za watu majumbani mwao, ukakuta virusi kwa asilimia 6.7 ya wenye umri wa miaka 15 hadi 49. Tarakimu hiyo yaweza kusemwa kwa namna nyingi. Asilimia hubaki ofisini; “mtu 1 katika kila 15” huhesabika barazani; “93 katika kila 100 hawana” huliwaza. Zote ni kweli, ila hazitishi sawasawa. Lililo zito zaidi ni kwamba wanawake walikuwa asilimia 8.7, na wanaume 4.6. Picha ya dereva wa lori haikuweza kuieleza tofauti hiyo. Uchunguzi wa 2007 nao ulionyesha kwamba zaidi ya watu 4 katika kila 5 wenye virusi hawakuijua hali yao.

Si haki kuilaumu lugha peke yake, maadamu vipimo na dawa vilikuwa haba. Lakini tahadhari inayotaja watu humfundisha msikilizaji nani wa kuogopwa. Inayoeleza njia ya maambukizo humtaka ajitazame mwenyewe. Tofauti hiyo yafaa ipimwe kabla tangazo halijatoka, kwani anayeamini kwamba hakutajwa haoni sababu ya kwenda kupimwa.