Ilimba ya Mzee Hukwe: kutoka mpigaji mmoja hadi ukoo mzima

Tarehe 30 Desemba huangukia katikati ya maandalizi ya mwaka mpya, na ni rahisi kuisahau. Siku hiyo, mwaka 2003, alifariki Hukwe Ubi Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyeufanya mji wa Bagamoyo kuwa makao ya muziki wa bara. Habari yake ilianza na mtu mmoja na ala yake, ilimba. Leo ukitaja Zawose unataja ukoo mzima wa wapigaji, waimbaji na wachezaji.

Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilikatiza Ugogo, na watemi wa huko waliitoza hongo kabla ya kuipisha na kuiruhusu kuchota maji. Mzee Hukwe aliifuata njia hiyo upande wa pili, kutoka bara kuja pwani. Inasimuliwa kwamba Mwalimu Nyerere alimsikia akipiga, akamwita Dar es Salaam kujiunga na wasanii wa taifa. Chuo cha Sanaa kilipoanzishwa Bagamoyo mwaka 1981, chuo ambacho sasa ni TaSUBa, Hukwe alikuwa miongoni mwa walimu wake.

Asiyewahi kuiona ilimba kwa karibu hudhani ni sanduku lenye vyuma. Ni kweli, lina vyuma vilivyopondwa vikawa bapa, vikapangwa juu ya ubao na kupigwa kwa vidole gumba. Lakini sandukuni hutobolewa tundu, na juu ya tundu hilo hubandikwa utando mwembamba wa buibui. Chuma kikiguswa, utando hutetema, ndipo ule mvumo unaofanana na wa nyuki unapotoka. Ilimba kubwa za Mzee Hukwe zilikuwa na vyuma zaidi ya 60, na si vyote vilivyopigwa. Vingine vilikaa tu, vikiitikia wenzao vinapoguswa. Viondoe hivyo vinavyoitikia, na sauti ya ilimba inakauka.

Ndivyo kundi lake lilivyokuwa. Hukwe aliweza kujaza ukumbi akiwa peke yake, kwa sauti iliyoshuka hadi ikakwaruza kifuani na kupanda hadi ukadhani anaimba mwanamke. Hata hivyo, muziki wa Kigogo ni wa kuitikiana, na polepole walimzunguka wenzake, kisha watoto na jamaa zake, kwa zeze, filimbi, ngoma na njuga. Mwaka 1985 santuri ya Tanzania Yetu ilitoka Uingereza. Mwaka 1996 ikafuata Chibite, chini ya Real World, kampuni ya mwanamuziki Peter Gabriel. Mwaka 2002 Hukwe na Charles Zawose, mtoto wa ndugu yake, walizunguka Marekani wakifungua maonyesho ya Gabriel huyo huyo. Chibite kwa Kigogo ni "twende", na ndilo jina ambalo kundi la familia lilikuja kulibeba.

Hapo katikati lipo jambo ambalo wasimulizi wengi hulipita haraka, nalo ni la wanawake. Ugogoni mwanamke si mgeni wa ala. Ngoma ya muheme ni yake: huibana katikati ya mapaja na kuipiga kwa mikono mitupu, jambo ambalo kwa makabila mengi lilikuwa la wanaume. Mpaka uliwekwa kwenye ilimba na zeze. Hizo zilikuwa mali ya wanaume, na katika kundi la Zawose wanawake walicheza na kuitikia nyuma. Pendo, binti wa Hukwe, na Leah, mjukuu wake, wamelieleza hilo hadharani: walikulia ndani ya muziki huo, wakaujua wimbo kwa wimbo, ila nafasi ya mbele haikuwa yao.

Baada ya Hukwe kufariki, na Charles kumfuata mwaka 2004, ukoo ulibaki bila nguzo zake mbili. Msafiri, mmoja wa wana wa Hukwe, alishika njia yake na mwaka 2017 akatoa albamu ya Uhamiaji. Pendo na Leah nao walizishika ala zenyewe, wakatunga, wakaimba mbele. Wakajiita The Zawose Queens, na Juni 2024 albamu yao, Maisha, ikatoka Real World, kampuni ile ile iliyotoa Chibite.

Wapo watakaosema mila imevunjwa. Mimi naona imeokolewa. Mwiko ungeshikiliwa kama ulivyokuwa, nusu ya warithi wa Mzee Hukwe wangeendelea kuwa vile vyuma vinavyoitikia tu, na ujuzi walioubeba tangu utotoni ungezikwa nao. Aliyekaa nyuma miaka yote akisikiliza ndiye aliyekuwa amejifunza zaidi.

Kinachouma ni kwamba kazi hizi zimetolewa na kuthaminiwa Uingereza kuliko hapa nyumbani. Mtoto wa shule ya msingi anayesoma hatua chache kutoka bahari ya Bagamoyo anaweza kumaliza darasa la saba bila kuigusa ilimba wala kuelezwa Hukwe alikuwa nani. Redio zetu zina saa 24 za kujaza kila siku. Haziwezi kukosa dakika kumi kwa wiki za muziki huu. Wanaopanga vipindi wanasoma gazeti hili pia, na ombi langu kwao ni hilo tu. Nawe msomaji, ukipita Bagamoyo kuangalia magofu ya Kaole na boma la Wajerumani, uliza pia wanapopiga akina Zawose. Magofu yatakungoja, wapigaji wanahitaji msikilizaji leo.