Kazi za Mikono kwa Watoto Wadogo Nyumbani: Maji, Maharagi, Udongo na Kartoni



Ninapotembelea familia, swali moja linarudi karibu kila nyumba: « Pasta, huyu mtoto hatulii hata kidogo, nifanye naye nini mchana kutwa? » Swali hilo ni la kweli. Kwetu masomo ya bure yaliyoanza Septemba 2019 yanahusu shule ya msingi. Shule ya watoto wadogo, ile tunayoita maternelle, ya miaka 3 hadi 5, bado inalipiwa, na familia nyingi haziiwezi. Kwa hiyo mtoto anangoja nyumbani mpaka afikishe miaka 6. Tena kuna siku ambazo hakuna anayetoka. Tuliziona Machi 2020 wakati wa Covid, na tena Goma Januari 2025, wakati risasi zilipokuwa zinalia na familia nzima zikalala chini katika chumba kimoja. Siku kama hizo mtoto wa miaka 3 haelewi kwa nini mlango umefungwa. Anataka kazi.

Wengine kati yetu tulilelewa tukiambiwa kwamba mchezo ni upuuzi. Nawaomba wenye mawazo hayo wasome Zakaria 8:5. Nabii anapoonyesha Yerusalemu iliyopona, anaonyesha vijana wa kiume na wa kike wakicheza katika njia zake. Historia ya kanisa letu nayo inatufundisha. Mwaka 1767 mchungaji Jean-Frédéric Oberlin alifika Waldersbach, kijiji maskini katika milima ya Vosges, Ufaransa. Wazazi walikuwa shambani, watoto wadogo wakazurura. Binti wa kijiji, Sara Banzet, alianza kuwakusanya na kuwafundisha kusuka sufu. Oberlin akaitegemeza kazi hiyo, na baadaye Louise Scheppler akaiendeleza kwa miaka mingi. Watoto walishika uzi, walitazama mimea, walisikiliza habari za Biblia huku mikono inafanya kazi. Hawakuwa na vitu vya duka.

Sisi pia hatuhitaji duka. Tuanze na maji, kwa sababu hakuna kitu kinachomtuliza mtoto wa mwaka 1 na nusu kama maji. Weka beseni chini, tia maji kiasi cha vidole viwili, mpe vikombe viwili vya plastiki na kijiko. Atachota, atamwaga, atachota tena. Mtoto wa miaka 3 mpe kidoni kidogo na chupa, ajaribu kujaza bila kumwaga. Mwonyeshe mara moja tu, halafu nyamaza. Mahali ambapo maji yanabebwa kutoka mbali, tumia yale ya kuoshea vyombo kabla hujatia sabuni, kisha yaende kwenye maua au kwenye choo. Lakini sikiliza vizuri: mtoto mdogo anaweza kuzama katika maji machache sana, hata ya beseni. Mtu mzima akae karibu, na mchezo ukiisha beseni limwagwe na kupinduliwa mara moja. Usiseme « nitarudi sasa hivi ».

Baada ya maji, maharagi. Kivu tumebarikiwa kwa maharagi ya rangi nyingi: meupe, ya njano, mekundu, yenye madoadoa. Changanya konzi mbili katika ungo, weka visahani vitatu, mwambie mtoto atenge kila rangi mahali pake. Anayetenga maharagi anajifunza kuona tofauti, kuhesabu, na kushika kitu kidogo kwa kidole gumba na cha shahada. Vidole hivyo ndivyo vitakavyoshika kalamu katika mwaka wa kwanza. Na kazi ikiisha, maharagi yanaoshwa na kwenda kwenye sufuria, hakuna kilichopotea.

Hapa niungame kosa langu. Mwana wetu alipokuwa na miaka 2 na nusu, nilikuwa natayarisha mahubiri Jumamosi jioni. Nilimpa sahani ya maharagi ili aninyamazie. Alininyamazia kweli. Nilipoinua kichwa, haragi moja lilikuwa limeingia puani. Nikachukua kijiti kulitoa, nikalisukuma ndani zaidi. Tukakimbia kituo cha afya usiku, na muuguzi akanionya, kwa haki yake: haragi likipata unyevu linavimba, na anayechokoza anaongeza taabu. Kwa hiyo maharagi, mahindi, mawe madogo na vifuniko vya chupa ni vya watoto waliopita miaka 3, na wao pia wakiwa mbele ya macho yako. Mdogo zaidi mpe vitu visivyoweza kuingia kinywani: vikombe, miiko, viazi, maganda makubwa ya mahindi. Kitu kikiingia puani au sikioni usichokoze, nenda kwa muuguzi.

Kwa udongo sina maneno mengi ya kufundisha, watoto wanatupita. Udongo wa mfinyanzi unaokutwa karibu na mabonde ndio bora. Utoe mawe na vijiti, uukande na maji kidogo, uufunike kwa kitambaa kilicholowa, utadumu siku kadhaa. Usiuchukue karibu na choo wala mahali kuku wanapolala. Mtoto wa miaka 2 anapenda kuufinya na kuupiga tu. Wa miaka 4 atafanya ng'ombe, sufuria, mbabula, na mtu wa kuipikia. Wengine wanashauri kutumia unga na chumvi. Mimi siwezi kumwambia mama ambaye anahesabu vikombe vya unga kwamba mtoto auchezee. Udongo unatosha. Baadaye kila mtu anawe mikono kwa sabuni, tena vizuri, maana kipindupindu hakijatuacha.

Kartoni ya sabuni au ya biskuti ni mali, usiichomee moto. Ikipasuliwa inakuwa karatasi ya kuchorea kwa kipande cha makala baridi. Ikikunjwa inakuwa nyumba, na watoto wa Goma wataigeuza chukudu bila kuambiwa, wabebe viazi mpaka Kibumba na kurudi kabla ya chakula. Tenga pia mawe makubwa kiasi cha ngumi: yale ya volkeno yenye matundu na yale laini yaliyosuguliwa na maji. Mfunge mtoto macho kwa kikwembe, aguse na kusema ni lipi. Chupa tatu za plastiki nazo, moja na mchanga, moja na mahindi, moja na vijiwe, zikifungwa kwa nguvu, ni kinanda cha kutosha kwa nyimbo za ECODIM. Chupa iliyowekwa petroli isitumike kamwe, hata ikioshwa, na petroli isiwekwe katika chupa ya soda, maana mtoto hawezi kutofautisha.

Lakini kazi anayoipenda mtoto kuliko zote ni kazi yako wewe mama, wewe baba. Anataka kuchambua lengalenga, kutoa majani ya sombe kwenye vijiti, kukunja nguo, kufagia kwa ufagio uliokatwa uwe mfupi. Atachelewesha kazi, najua. Mpe sehemu yake ndogo, mbali na moto na kisu, na useme naye: hili ni jani, hili kubwa, hili limetobolewa na mdudu. Maneno hayo ni darasa. Mtoto wa miaka 2 atakaa katika kazi moja kwa dakika chache tu kisha ataondoka. Hiyo si utundu, ndiyo nguvu ya umri wake. Wa miaka 5 anaweza kukaa muda mrefu kama hakuna anayemsahihisha kila mara.

Simu je? Wengi wanampa mtoto simu ili atulie. Shirika la Afya Duniani lilitoa shauri mwaka 2019: mtoto wa mwaka 1 asitazame skrini, na wa miaka 2 hadi 4 asipite saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora. Nasi tulio na umeme wa kukatika-katika tuna msaada usioombwa.

Jambo la mwisho linaniuma. Katika nyumba nyingi anayeangalia wadogo ni dada yao mkubwa mwenye miaka 8 au 9, na siku ya soko anakosa shule. Niliyoandika hapa yasiwe mzigo mpya kwake. Yeye pia ni mtoto. Katika chumba kimoja cha sala wamama wanne walipatana hivi: kila siku ya soko mmoja wao anabaki na wadogo wote, na wengine wanamletea chakula kidogo jioni. Wana kitunga kimoja chenye vikombe, chupa tatu, kartoni, vitambaa na vifuniko 20, kinachohama nyumba kwa nyumba. Kwa kuwa hakikai mahali pamoja, watoto hawakichoki. Binti zao wakubwa wanaenda shule. Akina baba wa chumba hicho walianza kwa kucheka, sasa mmoja ndiye anayetengeneza magari ya mbao ya kitunga.

Jioni, kabla kitunga hakijafunikwa, anayewaangalia watoto anahesabu vifuniko. Vikiwa 19, hakuna anayeondoka mpaka cha 20 kipatikane, na vinywa vya wadogo ndivyo vinavyotazamwa kwanza.