Trakoma: Kope inapopinda tena baada ya upasuaji

TRAKOMA, maradhi ya bakteria yanayopatikana katika maeneo kame ya wafugaji nchini Kenya, huacha makovu ndani ya kope. Ikapinda, nywele zake zikakwaruza mboni na hatimaye kupofusha.

Upasuaji huurudisha nje ukingo wa kope, ingawa si daima kwa kudumu. Katika utafiti wa Ethiopia uliochapishwa mwaka wa 2016, tatizo lilirejea ndani ya mwaka mmoja kwa asilimia 22 ya waliokatwa kope nzima, na asilimia 13 ya waliokatwa upande wa ndani pekee.

Kwa mfugaji wa Garissa aliye mbali na hospitali, kung'oa nywele hizo ni nafuu ya muda, huota tena. Jicho likichoma upya, asikate tamaa: kope yaweza kupasuliwa mara ya pili, ila kovu la mboni halifutiki.