Rimoti, Msimbo na Kazi ya Mfasiri: Mfano Kutoka Mwanza

Istilahi huingia katika lugha kwa njia mbili. Ama hutungwa na wataalamu kabla ya kitu chenyewe kuenea, ama kitu hufika kwanza, kikiwa na jina lake la kigeni, na watu wakalitohoa kabla mtaalamu hajashika kalamu. Makala haya yanakusudia kuonyesha njia zote mbili kwa kufuata historia ya kifaa kimoja kidogo, yaani rimoti ya televisheni, na hasa yale yanayotokea inapochakaa na kuhitaji kutengenezwa au kupatiwa badala yake. Mfano wetu ni mji wa Mwanza, ambako jambo hili linaonekana waziwazi.

Kifaa hiki kilianzia Marekani. Mwaka 1950 kampuni ya Zenith iliuza rimoti iliyounganishwa na televisheni kwa waya. Mwaka 1955 Eugene Polley wa kampuni hiyohiyo alibuni nyingine iliyotumia mwali wa mwanga, lakini hata jua likipiga kwenye kioo liliweza kubadilisha stesheni. Mwaka uliofuata ikatoka ile ya Robert Adler, iliyotumia sauti kali isiyosikika kwa sikio la mtu. Haikuhitaji betri, kwani ndani yake mlikuwa na nyundo ndogo za kugonga vipande vya alumini. Baadaye ukaja mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, ambao ungali ukitumika katika rimoti nyingi hadi leo. Kila kitufe kikibonyezwa, taa ndogo iliyo mbele ya rimoti hupepesa haraka kwa mpangilio maalumu, nao mpangilio huo ndio amri. Kwa kuwa kila kampuni ilijiwekea mipangilio yake, rimoti ya televisheni moja haikuweza kuongoza nyingine. Ndipo zikabuniwa rimoti za kuongoza vyombo vingi. Mojawapo ni CORE ya mwaka 1987, kazi ya Steve Wozniak, mmoja wa waanzilishi wa Apple.

Kwetu mambo yalikuja kwa mpangilio mwingine. Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994. Kwa hiyo wananchi wengi wa Bara, wakiwamo wa Mwanza, hawakupitia zama za waya wala za nyundo za alumini. Walifungua boksi wakakuta televisheni na rimoti yake pamoja. Jina nalo likatoka humohumo, likatoholewa likawa rimoti. Yafaa ikumbukwe kuwa kilichotoholewa ni kivumishi tu, chenye maana ya mbali, na nomino yake ikaachwa. Wanaistilahi waliopendekeza neno kitenzambali walitaka kurudisha kile kilichoachwa, kwani kutenza ni kukifanya kitu kitende kazi. Neno hilo limeundwa vizuri, lakini lilikuta kiti kimekwisha kaliwa.

Mwaka 2013 ilitokea kinyume chake. Mitambo ya analojia ya televisheni ilizimwa mji baada ya mji, na zamu ya Mwanza ikafika mwishoni mwa Februari. Kabla ya siku hiyo wananchi walikuwa wamekwisha kuelimishwa kwamba kila nyumba yenye televisheni itahitaji king'amuzi. Neno hili limetokana na kung'amua, yaani kutambua jambo lililofichika, na lilishika mara moja kwa kuwa lilifika pamoja na kitu chenyewe. Baadaye likaja kisimbuzi, lenye jamaa zake: msimbo, kusimba na kusimbua. Basi nyumba iliyokuwa na rimoti moja sasa ikawa na mbili.

Rimoti huchakaa kwa sababu zinazojulikana. Betri huvuja na chumvi yake hula springi. Raba iliyo chini ya vitufe hulika, hasa penye kitufe cha kuwashia na vya sauti. Jasho na mafuta ya mikono hupenya ndani yakagandamana na vumbi. Fundi huanza kwa kusafisha springi, kisha hupangusa raba na bodi kwa spiriti. Ili kujua kama taa inawaka, huielekeza kwenye kamera ya simu, kwani kamera nyingi huuona mwanga usioonekana kwa jicho. Ustadi wa namna hii si mgeni Mwanza. Eneo la Makoroboi, katikati ya mji, limepata jina lake kutokana na koroboi, zile taa za mafuta zilizotengenezwa kwa makopo yaliyokwisha tumika.

Matengenezo yakishindikana, mwananchi hununua rimoti ya kuongoza vyombo vingi. Hapa ndipo istilahi inapokuwa na thamani ya fedha. Rimoti hizo ni za aina mbili. Ya kwanza huja na misimbo ya kampuni nyingi, na mtumiaji huingiza tarakimu za msimbo unaohusika. Ya pili hufundishwa: huwekwa mkabala na ile ya zamani, kisha kitufe baada ya kitufe hunakili amri zake. Tofauti ni kubwa. Aina ya kwanza haihitaji rimoti ya zamani kabisa, lakini ya pili haiwezi kujifunza kwa maiti. Mfasiri akiziita zote mbili rimoti ya vyombo vyote, msomaji ataitupa ile ya zamani ikiwa bado ina uhai kidogo, kisha atanunua mwalimiwa asiye na mwalimu.

Kwa sababu hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, rimoti liachwe lilivyo katika maelezo ya matumizi, na kitenzambali litumike pale ambapo maandishi ya kitaalamu yanahitaji jina linaloeleza kazi ya kifaa. Pili, msimbo litumike daima kwa zile tarakimu, kwa kuwa kisimbuzi limekwisha kulifungulia njia. Tatu, aina mbili tulizotaja zitenganishwe kwa majina: rimoti ya misimbo na rimoti ya kufundishwa.

Si lazima kila neno la mitaani lipinduliwe ili lugha ionekane imekua. Palipo na neno linaloeleweka, wanaistilahi hawana budi kuelekeza nguvu zao kwenye yale ambayo bado hayana majina, na hasa pale ambapo kukosekana kwa jina humgharimu mwananchi shilingi yake.